Msitulinganishe bei na shati la Bangladesh: ile ovataimu ya "mara mbili" ni wizi mtupu

Salaam wanajukwaa. Mafundi wa Malindi wamechoka kuletewa shati la dukani na kuulizwa, "Mbona nyinyi mwatoza ghali, na hili latoka ng'ambo kwa bei ya kutupa?" Wajuaji hujibu eti kule mashine ni za kisasa. Mashine ina kasi, sawa, lakini kitambaa bado kinaelekezwa na mkono wa mtu, na mkono huo ndio unaopunjwa.

Tazameni mshahara. Desemba 2023 Bangladesh ilipandisha kima cha chini cha viwanda vya nguo hadi 12,500 za sarafu yao, taka. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikidai 23,000. Na hizo 12,500 zimekatwakatwa: mshahara wa msingi 6,700, nyumba 3,350, chakula 1,250, matibabu 750, nauli 450. Kwa nini zikatwe hivyo? Kwa sababu ovataimu hulipwa kwa msingi peke yake! Sheria yasema mara mbili. Haya pigeni hesabu: 6,700 gawa kwa saa 208 za mwezi (siku 26, saa 8 kila siku) ni 32.21, mara mbili ni 64.42. Sasa gawa 12,500 zote kwa 208: 60.10. Yaani saa ya ziada, mgongo umeshakufa ganzi, inaizidi saa ya kawaida kwa taka nne na ushei.

Halafu tageti, yaani idadi ya vipande mtu anayotakiwa kumaliza. Kule mtu hashoni shati, anashona mfuko tu, kutwa. Mpimaji anamsimamia na saa. Mfuko mmoja ukichukua sekunde 40, tageti ni mifuko 90 kwa saa. Muda huo huongezewa asilimia kidogo ya kupumzika, ambayo kubadilisha bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) na uzi unaokatika huimaliza mapema. Sindano ikivunjika ndiyo balaa. Viwanda vinavyouza Ulaya na Marekani havitoi sindano mpya mpaka vipande vyote vya ile iliyovunjika vipatikane, visije vikabaki kwenye nguo ya mtoto. Utaratibu mzuri, sikatai. Lakini anayetambaa chini ya mashine kusaka ncha ni mshonaji, na dakika 6 zikipotea ni mifuko 9. Mshono ukiruka, bunda linarudi, afumue ashone upya, na tageti iko palepale. Viwanda vingine humbakisha aimalizie bila kuandikiwa saa.

Na mnunuzi wa Ulaya msimwache. Bei anaipanga yeye, na shehena ikichelewa kiwanda ndicho hulipia kuisafirisha kwa ndege. Hapo msimamizi lazima awe mkali.

Mmeshasahau Rana Plaza, lile jengo la viwanda vya nguo huko Savar, Bangladesh? Nyufa zilionekana tarehe 23 Aprili 2013, benki iliyokuwa humo ikawaondoa watu wake, washonaji wakaamriwa warudi kesho yake. Jengo likaporomoka, zaidi ya 1,100 wakafa.

Mwenye karatasi ya mshahara ya kiwanda chochote cha nguo, hata cha hapa Kenya, aiweke hapa, jina afiche. Tutaanza na mstari wa mshahara wa msingi. Na anayetaka shati la bei ya Bangladesh alinunue dukani, asimletee fundi wa Malindi kitambaa jioni akitaka livaliwe Ijumaa.