Mali ya ufisadi iliyofichwa ng'ambo: tungoje mtu ahukumiwe, au tuifuate mali yenyewe?

Mleta mada
Februari 24, 2016, kampuni ya Windward Trading ilikiri mbele ya mahakama ya Jersey, kisiwa kilicho chini ya himaya ya Uingereza, makosa manne ya kutakatisha fedha za hongo, zilizotoka kwa kampuni zilizokuwa na kandarasi za shirika la umeme la Kenya. Ikanyang'anywa zaidi ya pauni milioni 3, na Machi 2022 Kenya na Jersey zikakubaliana zirudi kama vifaa vya matibabu. Sasa tazama upande wa watu. Katika sakata hilohilo, Jersey iliomba mwaka 2011 ipelekewe Wakenya wawili wakashtakiwe huko, ambao hawajapatikana na hatia. Miaka mingi baadaye Mahakama ya Juu ilikuwa bado inaamua nani mwenye mamlaka ya kuendesha maombi ya aina hiyo, Mwanasheria Mkuu au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa nini tung'ang'anie mtu kwanza?

Wakili wa utetezi
Mfano huo haukusaidii, ndugu. Windward ilitiwa hatiani kwa kukiri. Hapo hakuna kilichotaifishwa bila hukumu. Unachotetea ni njia ya sheria yetu ya 2009 dhidi ya utakatishaji fedha: Wakala wa Kurejesha Mali anakwenda Mahakama Kuu mwenye mali hana habari, anapata zuio la mali isiuzwe wala kuhamishwa, kisha ushahidi unapimwa kwa uwiano wa uwezekano, yaani lipi lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli, badala ya kutoacha shaka. Mjane aliyerithi nyumba ataitoa wapi risiti ya miaka 15 iliyopita?

Mleta mada
Wakili msomi, Ibara ya 40(6) ya Katiba inasema haki ya kumiliki hailindi mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria. Huyo mjane naye ana pa kusemea: ilani hutolewa ndani ya siku 21 na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi.

Mchunguzi wa fedha
Mnabishania mlango, na faili zinafia njiani. Zuio la Nairobi haliifungi akaunti ya London. Ombi la msaada kwa nchi ya nje lazima lipitie ofisi ya Mwanasheria Mkuu, iliyo mamlaka kuu chini ya sheria ya 2011 ya kusaidiana kisheria na nchi nyingine.

Mengi huharibika kwenye uandishi. Ombi linasema "tupeni akaunti zote za fulani", bila benki, bila tarehe, bila kuonyesha shilingi ilitoka wapi ikaingia wapi. Linakataliwa, na ni haki likataliwe. Anza na taarifa za kiintelijensia kati ya polisi na vitengo vya kufuatilia fedha haramu ujue akaunti ilipo. Ila usizibandike kwenye hati ya kiapo bila idhini ya aliyekupa. Zitatupwa, na hatakupa tena. Ndipo uandike ombi rasmi: kifungu cha kosa, kosa linalofanana nalo kule, ankara, nyaraka za uhamisho wa fedha, na mmiliki halisi aliyejificha nyuma ya kampuni. Na mkumbuke saa inakwenda: zuio la hapa huisha siku 90 baada ya ilani yake kuchapishwa, isipokuwa ombi la utaifishaji limeshafunguliwa.

Wakili wa utetezi
Hapo nakubali. Ongeza hili: Ibara ya 57 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa inalazimisha kurejesha fedha za umma zilizofujwa. Hongo iliyotoka mfukoni mwa mkandarasi haikuwahi kuwa ya Hazina. Kenya lazima ithibitishe hasara, kwa mfano bei ya kandarasi ilivyovimbishwa, na kazi hiyo ni ya mkaguzi wa hesabu kabla haijawa ya wakili.