Aliyepaka siti za gari langu kiwi ya viatu aje hapa anijibu

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji. Kila anayepita njia ile anamjua: yule muosha magari wa chini ya mwarobaini, mwenye spika ya kupasua masikio, anayekurukia na tambara begani akikuita "bosi wangu" hata kama huna hela ya vocha.

Nilimpelekea gari lenye siti nyeusi za ngozi. Zina vumbi na alama za juisi ya mtoto, hakuna zaidi. Nikamwambia futa kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Narudi nakuta siti zinang'aa unaweza kujinyolea ndevu humo. Umepaka nini? "Dawa, bosi. Hiyo zawadi." Nikalipa elfu 15 na asante juu.

Asubuhi yake nambeba baba mkwe kwenda kumuozesha shemeji yangu. Yeye ndiye walii, baba anayemuoza bibi harusi. Kanzu nyeupe pee, imepigwa wanga na pasi, ukiigusa inalia. Jua la Dar mnalijua, na foleni ilikuwa ile ya kuzeesha watu. Tunafika msikitini, mzee anashuka, anatangulia kwa heshima zake, ukoo mzima nyuma yake. Makalioni duara mbili nyeusi tii! Mtoto mmoja akapaza sauti watu wote wakasikia: "Mama, babu amekalia mkaa!"

Walii, jamani. Siku ya kuozesha.

Leo nimemrudia na kitambaa cheupe. Nimefuta siti mbele ya macho yake, kitambaa kikatoka cheusi. Kopo lenyewe nimelikuta kwenye ndoo yake, kiwi nyeusi, limechimbwa mpaka bati linaonekana. Unajua kanijibu nini? "Bosi, ngozi si ngozi tu? Na huyo mzee si angeangalia anapokaa?"

Mzee aangalie anapokaa! Baba wa watu aanze kupapasa siti kwanza ndipo aketi!

Siti ya gari kiwandani inapakwa rangi, halafu juu ya rangi kuna tabaka jembamba la plastiki. Kiwi ni nta na rangi na kiyeyushi, haina pa kuingia pale. Inabaki juu inasubiri joto na kanzu nyeupe. Mtu anaosha magari tangu asubuhi hadi usiku na hili halijui, halafu ana mdomo wa kuniambia mzee aangalie anapokaa!

GiaMbovu: Mkuu, kwa hiyo mzee aliozesha hivyo hivyo, au walimgeuzia kanzu mbele nyuma? Halafu uzi hauna picha.

MamaSwaumu: Nimecheka hadi mume wangu kaamka kuniuliza. Pole sana kwa mzee. Kwako wewe sina pole, elfu 15 na asante juu!

Kijiweni_Daima: Huyo namjua. Mimi kaniibia kimti cha manukato cha kuning'iniza garini, akaniuzia kimti hicho hicho.

FunduraWaSiti: Mleta uzi, usije ukakimbilia thina, petroli wala spiriti. Vitang'oa kiwi na rangi ya kiwandani pamoja, utabaki na siti ina mabaka. Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya maji, kidogo tu. Tumia povu, siyo maji yenyewe. Brashi laini, kipande kwa kipande, ukimaliza kipande ukaushe kwa kitambaa kisafi kabla hujaenda kingine. Gari liwe kivulini. Sabuni ya unga weka mbali kabisa, ina alkali kali na ngozi inapenda tindikali kidogo, ndiyo maana siti za watu zinakakamaa na kupasuka. Kama siti zako zina vitobo usimwage maji, yanazama kwenye sponji na harufu yake hutaiweza. Rudia mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Mleta uzi: Ahsante fundi. Lakini mmesoma alichonijibu? Mzee ni wa miaka mingapi aambiwe aangalie anapokaa? Alisimama mbele za watu akamshika bwana harusi mkono, na kila aliyekaa nyuma anatazama duara mbili. Mbili!

Bodaboda_Mstaafu: Elfu 15 ulitaka aje mtaalamu na ndege?

Crown_Nyeusi: Tena siti zenyewe huenda siyo ngozi. Magari mengi haya tunayoagiza Japani, ngozi ni pale unapokalia na unapoegemea tu. Pembeni na nyuma ya siti ni plastiki ya kufanania. Mtu anajiita tajiri wa ngozi kumbe ana robo.

Mleta uzi: Hata ingekuwa turubai, mzee wangu hakustahili!

GiaMbovu: Picha.

Neema_wa_Mjini: Afadhali yako kiwi. Mimi jamaa wa kwangu aliingiza mpira wa presha ndani ya gari, akapiga maji chini ya siti kama anaosha banda. Kesho yake ile taa ya mtu mwenye duara kifuani ikawaka kwenye dashibodi, haizimi. Kumbe chini ya siti kuna soketi za njano za waya za mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga, zimeloa. Namwambia, ananiuliza "kwani dada unapanga kugonga?"

Kijiweni_Daima: Unapanga kugonga! Huyo na wa mleta uzi wamesoma shule moja.

MtuWaPwani: Mnahangaika bure. Mafuta ya nazi, kitambaa, kwisha.

FunduraWaSiti: Ndugu, mafuta ya nazi yatakaa juu kama ile kiwi tu, yatashika vumbi na baada ya muda yatanuka. Usimpoteze mwenzio.

MtuWaPwani: Gari la marehemu baba lilipakwa nazi toka nikiwa mdogo.

FunduraWaSiti: Lilikuwa na siti za ngozi?

MtuWaPwani: Za kitambaa.

Mleta uzi: Jamani. Mzee leo hajapokea simu yangu. Mama mkwe ndiye kapokea, kasema "baba yako amepumzika", sauti ile ya wakwe mnaijua. Na huyu bwana yuko pale chini ya mwarobaini anapaka mwingine saa hii.

MamaSwaumu: Baba yangu, na kanzu yenyewe mmeifanyaje? Nta ile ukiitia maji ya moto tu umeisambaza, imekwisha.

Mleta uzi: Imepelekwa kwa dobi.

Neema_wa_Mjini: Kwa dobi! Mungu awasimamie. Wangu alinirudishia dera lina alama ya pasi mgongoni, yote, mpaka ncha inaonekana. Namuuliza anasema nilikuja nalo hivyo.

Crown_Nyeusi: Wangu kanirudishia suruali ya mtu mwingine. Ina kitambulisho mfukoni. Mwenye suruali naye ana yangu na hataki kuirudisha, anasema imemkaa vizuri.

MamaSwaumu: Hao afadhali, wanarudisha kitu. Fundi cherehani wangu ana kitambaa changu cha Idi tangu Idi ya mwaka juzi. Jumapili nimekutana na mkewe sokoni, amekivaa, na kola ameiweka ile ile niliyomchorea mumewe kwenye karatasi.

GiaMbovu: Weka picha ya hiyo kola bi mkubwa.

Kijiweni_Daima: Ulimsalimia?

MamaSwaumu: Nimemsalimia nikamwambia "umependeza". Akaniambia "ahsante dada, na wewe nenda kwa mume wangu akushonee".