Miaka 40 ya ualimu, leo mzee wangu anaambiwa "jalada lako halionekani". Nimechoka!

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mzee wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliajiriwa 1984, akastaafu kwa lazima 2024 alipotimiza miaka 60. Mpaka leo hajapokea hata shilingi ya kiinua mgongo. Mafao yake hayajaenda kokote kwa sababu halmashauri aliyostaafia (sitaitaja, bado anazihitaji saini zao) haijui lilipo jalada lake binafsi.

Hakuna anayetamka "tumelipoteza". Wanasema "halionekani", na anayehangaika kulitafuta ni mzee mwenyewe. Nauli shilingi 7,000 kwenda, 7,000 kurudi, anafika saa tatu asubuhi, anakaa kwenye benchi la korido mpaka saa tisa, anaambiwa "Mwalimu, hebu pita wiki ijayo". Mara ya nane alipokwenda nikaomba ruhusa kazini nikaongozana naye.

Nikaiona masjala, chumba cha kutunzia majalada ya ofisi, kwa macho yangu. Chumba kimepakana na choo, ukuta umelowa mpaka rangi imebanduka. Makabati mawili ya chuma, mengine yote ni rafu za mbao zilizoliwa na mchwa. Chini sakafuni kuna viroba, vile vya mbolea, vimejaa majalada yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Nikauliza vile ni nini. Ni majalada yaliyokuja wilaya ilipogawanywa! Yalipakiwa kwenye viroba, yakateremshwa pale, na hayajafunguliwa wala kuorodheshwa tangu siku hiyo. Wenye majalada hayo ni watu wazima walio kazini, wengine wameshafariki na wajane wao wanazungushwa kama anavyozungushwa mzee wangu.

Mtunza kumbukumbu ni binti mmoja, peke yake, kwa watumishi wa halmashauri nzima. Alimwamkia mzee vizuri, akamtafutia kiti, akatutolea kadi ya mwendo wa jalada. Huyu binti simlaumu kabisa. Kadi ikatuonyesha kila kitu: jalada la mwalimu lilichukuliwa na afisa fulani, tarehe ipo, saini ipo, safu ya kurudishwa iko tupu. Afisa huyo alihamishwa mkoa mwingine. Hakuna aliyemdai majalada kabla hajakabidhi ofisi. Wanaofanya kazi serikalini wanajua hali ilivyo: majalada yanalala mezani kwa wakubwa, kwenye droo, kwenye siti ya nyuma ya gari, kisha mkubwa anahama.

Sasa sikilizeni hili. Mzee anazo barua zake. Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, ya uhamisho wa 1993, za kupandishwa daraja, zote kazitunza kwenye sanduku la bati kwa miaka 40, kila moja ndani ya nailoni yake. Mwalimu wa kijijini, asiye na kabati wala kiyoyozi, ameweza kutunza karatasi. Ofisi yenye bajeti, yenye mtu aliyesomea kazi hiyo na anayelipwa kwa kazi hiyo, imeshindwa. Halafu ofisi hiyohiyo inamwambia barua zake haziwezi kupokelewa mpaka zilinganishwe na zilizomo kwenye jalada. Jalada lipi?

Wakasema basi wafungue jalada la muda, mzee alete nakala. Akaleta, zikagongwa folio namba (namba ya kila karatasi ndani ya jalada), akarudi nyumbani ana matumaini. Miezi miwili baadaye tunaenda, jalada la muda nalo halionekani! Siku hiyo mzee hakusema neno njia nzima. Mimi ndiye niliyelia.

Na isiwe mtu anakuja hapa kusema tatizo ni kukosa sheria. Tunayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002. Inamtwika mkuu wa taasisi wajibu wa kutengeneza na kutunza kumbukumbu za ofisi yake. Mkuu mwenyewe, si binti wa masjala. Kuharibu kumbukumbu za umma bila idhini ni kosa. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo, ina kituo cha kumbukumbu Dodoma kwa ajili ya kupokea majalada tuli, yale yasiyotumika mara kwa mara, kutoka ofisini. Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha vijana utunzaji wa kumbukumbu kila mwaka. Sheria ipo, idara ipo, wataalamu wapo. Kinachokosekana ni mkurugenzi hata mmoja wa kuitwa na kuulizwa "jalada la mtumishi wako liko wapi?" Kwenye ofisi nyingi masjala ni mahali anapopelekwa mtu aliyekosana na bosi. Ukiifanya kumbukumbu kuwa adhabu, utarajie nini?

Pale Upanga, Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa wanatunza majalada ya utawala wa Wajerumani. UNESCO waliyaingiza kwenye orodha yao ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Ni karatasi za zaidi ya miaka 100, zimepita vita kuu mbili, na bado mtafiti anaomba jalada analetewa. Kwa hiyo nchi hii inajua kutunza karatasi. Barua ya mzee wangu ya kupandishwa daraja ni ya 2009 tu.

Nilipolalamika kwa afisa utumishi akanijibu, "Kijana, sasa hivi kila kitu kiko kwenye mfumo." Sawa, afungue mfumo. Akafungua. Kilichoskaniwa kwa mzee wangu ni kurasa tatu. Moja imepinduka juu chini, moja ni nyuma ya karatasi, tupu kabisa, ya tatu ni barua ya mwalimu mwingine! Wakati wa kuskani walichukua walichokikuta, na jalada lilikuwa limeshapotea. Majalada ya watumishi wengine yaliyoskaniwa yalihifadhiwa kwenye kompyuta ya afisa mmoja, ikafa, hakukuwa na nakala popote zaidi ya flashi yake. Mimi siupingi mfumo. e-Ofisi, yaani mfumo wa majalada ya ofisi kwenye kompyuta, ni jambo jema, dokezo (maelezo ya ndani ya ofisi) linaonekana liko kwa nani na tangu lini, hakuna wa kulificha kwenye droo. Lakini fujo ya kwenye viroba ukiiskani inabaki fujo. Karatasi ipangwe kwanza, ihesabiwe folio kwa folio, ipewe jina linalotafutika, ndipo iingie kwenye mashine. Na karatasi isitupwe kwa kuwa tu picha yake ipo.

Mwaka 2017 wakati wa uhakiki wa vyeti mzee alipeleka vyeti vyake halisi, nakala zikachukuliwa. Nakala hizo nazo ziko wapi?

Jumatatu tunarudi. Safari hii nina barua ya maandishi kwa mkurugenzi, nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa na kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka. Ndani yake nimeomba mambo mawili: afisa aliyesaini kadi aandikiwe kokote alipo arudishe jalada, na barua za mzee zilizoko mkononi zithibitishwe na mafao yaendelee wakati wao wanatafuta. Nitagongesha mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, na nakala hiyo itaingia kwenye sanduku la bati.

Wenye uzoefu wa kesi kama hii, jalada la mstaafu kupotea na akafanikiwa kulipwa, naombeni mniambie mlipitia wapi. Walioko masjala pia semeni, hata PM. Nitaleta mrejesho Jumatatu jioni.