Nguva anamla Skull King hata haramia akiwepo! Nimechoka kudhulumiwa mezani

Wakuu, tangu jana usiku nina hasira, acha niseme.

Tuna meza yetu ya Skull King, mchezo wa karata wa maharamia, kila Jumamosi, watu sita, raundi 10. Jana raundi ya mwisho, kabla ya kutupa karata, niliahidi kula mara 3, yaani kuzoa karata za mezani mara 3. Nilishakula 2, na mkononi nimebaki na nguva na karata ndogo mbili za kijani. Kaka mmoja akatupa haramia. Anayemfuata, ambaye ndiye mwenye pakiti, akashusha karata ya Skull King, yaani mfalme, kwa kishindo. Nilikuwa wa mwisho kutupa. Nikamweka nguva.

Mwenye pakiti akazoa zote! Eti haramia anamla nguva, kwa hiyo nguva wangu alishaliwa kabla hajamfikia mfalme.

Hapana. Sheria ya mchezo iko wazi: haramia, Skull King na nguva wakikutana, nguva ndiye anayekula, haijalishi nani katangulia. Nikaomba karatasi ya sheria isomwe. Nikajibiwa, "Karata ni zangu, hapa tunacheza hivi." Tangu lini? Raundi tisa nzima hakuna aliyeitamka sheria hiyo.

Pigeni hesabu. Mara 3 nilizoahidi ni pointi 60, na kumnasa Skull King kwa nguva kuna nyongeza ya 40 kwenye toleo letu. Mia kamili. Badala yake nikaishia na 2, nikakatwa 10. Pointi 110 zimepotea kwa mdomo wa mtu mmoja, na ushindi kabeba yeye.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anaua mchezo wenyewe. Maharamia ni watano, nguva wawili, mfalme mmoja. Nguva anazidi karata zote za namba, hata nyeusi ambazo ni turufu, lakini haramia yeyote anammaliza. Thamani yake ni kumvizia mfalme. Kama haramia akiwepo tu hilo linafutika, basi kwenye meza ya watu sita nguva tumweke wa nini? Tuliokulia kwenye arubasitini tumezoea kubwa kuwa kubwa siku zote. Huku ni mduara: mfalme anamla haramia, haramia anamla nguva, nguva anamla mfalme. Utamu wote uko hapo.

Na si mara ya kwanza. Mwezi uliopita alitupa karata ya Kraken, zote zilizokuwa mezani zikafutwa bila mtu kula, sawa, halafu akaanza kutupa yeye, wakati anayeanza ni yule ambaye angekula kama Kraken asingetokea. Nilinyamaza. Hata wakati wa kuonyesha kwa pamoja vidole vya idadi tunayoahidi kula, yeye huchelewesha ngumi yake, anachungulia vya wenzake kwanza. Nako nilinyamaza.

Sasa basi. Nataka matokeo ya jana yahesabiwe upya. Jumamosi ijayo nakuja na karatasi ya sheria, ikae katikati ya meza kabla karata hazijagawiwa. Akikataa, sikai.

Wenye meza zenu, kuna mahali popote mnamnyima nguva haki yake hivi?