Mrejesho: jengo la abiria lililochelewa

Wakuu, niliwauliza namna ya kuzuia gharama na muda visizidi kupaa kwenye jengo la abiria tunalojenga. Mmoja wenu akasema nisome kwanza habari za Berlin. Nimesoma, jamani! Uwanja wa ndege wa BER, wa huko Berlin, Ujerumani, ulipaswa kufunguliwa Juni 2012. Ukaahirishwa wiki chache kabla, ukaja kufunguliwa Oktoba 2020. Kilichowakwamisha zaidi ni mfumo wa kuondoa moshi moto ukizuka: waliamua moshi uvutwe chini ya sakafu badala ya kutokea paani, huku michoro ikibadilishwa ujenzi ukiendelea. Kisha wakawatimua wasanifu walioujua mfumo wenyewe. Akili gani hiyo?

Kwetu tumekubaliana kwenye kikao cha saiti: hakuna badiliko la mchoro bila hati yenye bei na siku zake, iliyosainiwa na mteja. Mteja alinuna, maana bado anataka maduka zaidi, ila akasaini. Ombi lake la kwanza, kusogeza ukuta mmoja tu, likagusa vitambua moshi, mabomba ya kuzimia moto na njia ya dharura. Alipoona bei akaliondoa mwenyewe.

Mkandarasi bado anadai nyongeza ya muda kwa mabadiliko ya nyuma, ya kabla ya kikao hicho. Mshauri elekezi hajajibu.