Mafundi wa Arusha na Moshi, nani aliwadanganya kwamba thamostati ni ya Ulaya?

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salamu baadaye. Huu uzi ni wa hasira na sitaupamba.

Nunua gari la zamani popote kati ya Sakina na Kiboroloni, liwe Land Rover 109, Land Cruiser ya kabureta, Peugeot 504 au Land Rover 110 iliyostaafu utalii. Fungua kifuniko pale mpira wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini. Mara nyingi utakuta shimo tupu. Thamostati, ile vali ndogo ya maji ya kupoza injini, imeng'olewa, imetupwa, na mwenye gari aliambiwa "hiki kidude ni cha Ulaya kwenye barafu, sisi huku nchi ya joto hakina kazi". Na hela ya ufundi akatoa!

Nchi ya joto ipi? Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Julai pale Ngaramtoni mtu akifungua mdomo anatoa mvuke, halafu fundi aliyevaa jaketi na kofia ya sufi anakuambia nchi ya joto.

Hata tungekuwa Tanga hoja hiyo ni batili. Thamostati haina habari na hali ya hewa ya nje, inafuata joto la maji ya ndani ya injini. Ina kikombe kidogo chenye nta. Maji yakifika nyuzi 82, au 88 kwa injini kama 300Tdi (dizeli ya Land Rover), nta inavimba, inasukuma vali, maji yanaanza kwenda kwenye rejeta. Kabla ya hapo yanazunguka ndani tu ili injini ipate moto haraka.

Ukiitoa, injini inakimbia ikiwa baridi muda wote wa safari fupi za mjini. Kwenye petroli utaacha choki nje kwa muda mrefu, petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinasaga chuma kikavu. Mvuke unageuka maji ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Fungua mfuniko wa kujazia oili uangalie kwa chini, utaona uji wa rangi ya maziwa, na wengi wakiuona wanakimbilia kusema gasketi ya hedi (kichwa cha injini) imekufa. Kwenye dizeli ni moshi mweupe asubuhi nzima, injini inagonga, oili inazidi kuwa nyepesi kwa sababu dizeli inashuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Halafu mnashangaa ovahoo haikai.

Ila kinachonikera zaidi ni kwamba hiyo dawa haitibu ugonjwa. Gari lilikuwa linachemsha kwa sababu fulani. Fundi akitoa thamostati, mshale wa joto unashuka wiki mbili, kila mtu anafurahi, na sababu yenyewe iko pale pale inaendelea kula injini. Siku gari linapanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Rhotia likiwa na mzigo, hedi inapinda. Sababu zenyewe hazizidi vidole vya mikono miwili na zinapimika:

Mfuniko wa rejeta ndio wa kwanza, na ndio hakuna anayeugusa. Kwa mwinuko wetu, maji ya wazi Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mfuniko mzima wa 0.9 bar unapandisha kiwango hicho hadi karibu 115. Mpira wa mfuniko ukikatika au springi ikichoka, umepoteza nyuzi ishirini bila kujua. Kabla hujagusa kingine chochote, nunua mfuniko wenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye wa zamani. Usiweke wenye namba kubwa "ili uvumilie", utapasua rejeta ya mzee.

Halafu mkanda wa feni: ubonyeze kwa dole gumba katikati, ukizama zaidi ya milimita 13 hivi umelegea. Kava ya feni, lile bati au plastiki linaloizunguka, gereji zetu hulitoa ili mkono upite na halirudi. Bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Mpira wa chini wa rejeta ukiwa laini unajibana wenyewe ukipiga resi, maji yanakatika. Pasha injini, mtu apandishe resi, wewe uangalie huo mpira (mkono na tai mbali na feni). Wotapampu iliyoliwa na kutu inazunguka vizuri kabisa lakini mapanga yake yamebaki vijiti. Taimingi (wakati wa kuwasha mafuta kwenye silinda) ikichelewa, nayo inachemsha, na hakuna rejeta itakayokusaidia. Rejeta yenyewe ipapase injini ikiwa imepata moto na *imezimwa*: sehemu iliyo baridi katikati ya sehemu za moto ndipo ilipoziba.

Na maji! Bomba na visima vya huku vina madini mengi, mnajaza hayo hayo miaka kumi, halafu rejeta ikiziba mnalaumu Mwingereza. Hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, kama 300Tdi, inataka kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu na maji ya kuongezea betri nusu. Kulanti si ya barafu tu, inazuia kutu na inachelewesha kuchemka.

Jinsi ya kujua kama ya kwako imeng'olewa bila kufungua chochote: injini ikiwa baridi kabisa, washa, shika mpira wa juu. Ikiwa thamostati ipo, mpira unabaki baridi dakika kadhaa kisha unapata moto ghafla. Ikiwa haipo, unapata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo. Ishara nyingine ni ukiteremka mlima mrefu na mshale ukarudi karibu na sifuri.

Kuirudisha ni kazi ya saa moja. Mwaga maji hadi yashuke chini ya kifuniko. Kwangua mabaki ya gasketi na ile silikoni nyekundu waliyopaka kama siagi, kwa sababu kinachobaki kinaishia kwenye mirija ya rejeta. Upande wenye springi na kikombe cha nta uangalie ndani kwenye injini. Kijitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu kabisa, hapo ndipo hewa inapotokea. Gasketi mpya ya karatasi, boliti zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Kifuniko ni alumini, ukikining'inizia spana ndefu unakivunja sikio. Kisha inua pua ya gari kwenye mteremko, fungua hita, jaza taratibu huku ukiminya mipira, washa bila mfuniko hadi mpira wa juu upate moto na mapovu yaishe. Ongeza, funga. Kesho yake injini ikiwa baridi, angalia tena.

Kama kuna fundi humu anayetoa hivi vidude, ajitokeze atuambie.

#2 Spana Kumi na Saba

Uko sahihi mkuu. Ukitoa thamostati maji yanapita mbio kwenye rejeta, hayapati muda wa kupoa. Ndiyo maana mengine yanachemsha zaidi baada ya kutoa.

#3 Mwanzisha uzi

Hapana mkuu, hilo la "muda wa kupoa" ni hadithi ya gereji. Maji yakipita haraka yanapita pia mara nyingi zaidi, joto linatoka vilevile. Sababu ni njia ya mkato. Injini nyingi za Toyota zina kijia kinachorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta, na thamostati ina sahani ya pili chini inayoziba kijia hicho ikifunguka juu. Ukiing'oa, mkato unabaki wazi daima. Maji ya moto yanarudi ndani yakiwa ya moto. Ndiyo maana "bila thamostati" si sawa na "thamostati iliyofunguka".

#4 Kobe wa Njiro

Mnasahau Volkswagen za zamani zinazopozwa kwa hewa. Nazo zina thamostati, kile kikopo cha shaba chenye mikunjo chini ya injini upande wa kulia, kinafunguka nyuzi 65 hadi 70. Kimeunganishwa na vibao vya hewa ndani ya nyumba ya feni, kikipata moto kinatanuka na vibao vinafunguka. Mafundi wa Moshi wanakitoa, wanang'oa vibao, wanatupa na yale mabati yanayozunguka injini kwa sababu "yanazuia hewa". Mabati hayo ndiyo yanayotenganisha hewa ya moto ya chini na hewa baridi ya juu! Bila hayo feni inavuta moto wake yenyewe. Na ule mpira unaozunguka ukingo wa chumba cha injini una kazi hiyo hiyo, si urembo.

#5 Fundi wa Pasua

Nimejitokeza. Lawama nazikubali nusu. Thamostati nyingi madukani ni feki. Inagoma ikiwa imefunga, gari linaungua mlimani, mteja anarudi na ndugu zake wanne. Original mteja hataki kulipia, anasema "fundi fanya linaloweza kufanyika". Kwa hiyo tunatoa. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

#6 Mwanzisha uzi

Afadhali umesema, fundi, na la feki ni kweli. Lakini kuipima ni sufuria, jiko na kipimajoto, mbele ya mteja, kabla ya kufunga. Itundike kwa uzi isiguse sehemu ya chini. Ya 82 ianze kufunguka kati ya 80 na 84. Kwa Toyota nyingi ikifika 95 iwe imefunguka angalau milimita 8, pima kwa rula. Itoe, ipoe, ijifunge yote. Ukiiinua kwenye mwanga usione mwanya. Rudia mara tatu, feki nyingi zinakwama mara ya pili au ya tatu.

Ila tahadhari kwa wa Arusha: maji yako yataishia 95. Ya 88 haiwezi kufunguka yote kwenye sufuria hapa, usiitupe ukidhani mbovu. Ikianza vizuri na kujifunga vizuri, inatosha.

Ikiwa haina kile kijitundu cha hewa, toboa cha milimita 3 kwenye ukingo na ukiweke juu. Na mteja asipotaka kulipia, mwandikie kwenye risiti "imetolewa kwa amri ya mwenye gari", aweke sahihi. Utashangaa hela inavyopatikana.

#7 Fundi wa Pasua

Hiyo ya sahihi naichukua. Swali: mshale wa joto kwenye gari la mteja wangu mmoja hausogei kabisa na gari linatoa mvuke. Geji mbovu?

#8 Mwanzisha uzi

Usianze na geji. Angalia maji kwanza. Sensa ikibaki kwenye hewa haisomi joto la maji, mshale unalala chini wakati injini inaungua. Zima, acha ipoe kabisa, usifungue mfuniko ikiwa ya moto, na usimwage maji baridi kwenye hedi ya moto, itapasuka. Ukijaza na mshale ukaamka, tafuta yanakovuja. Ukibaki umelala, chomoa waya wa sensa uuguse kwenye bodi sekunde moja tu: kwenye geji nyingi za zamani, mshale ukipanda, sensa ndiyo imekufa.