Tupunguze vipi unga wa dagaa katika chakula cha kaa wa mikoko?

Mfugaji wa Mkinga:
Ndugu zangu, sisi ni kikundi kinachonenepesha kaa wa mikoko katika vizimba pwani ya Tanga. Kwa muda mrefu tumewalisha utumbo na vichwa vya samaki, lakini msimu wa kusi, boti zinapokosa kutoka, hupatikana kwa shida. Tumeanza kutengeneza tembe zetu wenyewe, ambapo katika kila kilo 100 za mchanganyiko tunaweka kilo 30 za unga wa dagaa. Bei yake imetushinda, na mara nyingine unga huo huja na mchanga. Je, tunaweza kuuondoa wote na kuweka mashudu ya soya?

Mtaalamu wa Malisho:
Kuuondoa wote sikushauri, na sababu si kiwango cha protini peke yake. Mashudu ya soya yana protini ya asilimia 44 hadi 48, kiasi ambacho si haba, ila yana upungufu wa methionini, mojawapo ya viungo vinavyounda protini, na hayana lehemu (kolesteroli) kabisa. Kaa, kama jamii yake yote ya kamba na kambakochi, hawezi kujitengenezea lehemu mwilini, ilhali ndiyo inayotumika kuunda homoni ya kujivua gamba, hivyo ni lazima aipate katika chakula. Aidha, soya mbichi ina vizuizi vya mmeng'enyo ambavyo huharibiwa kwa moto, kwa hiyo hakikisheni mashudu mnayonunua yamepitishwa kwenye joto.

Ningeanza na theluthi moja tu. Ikiwa unga wenu una protini ya asilimia 65, mkitoa kilo 10 mnapoteza kilo 6.5 za protini, na ili kuzirudisha mtahitaji takribani kilo 15.5 za mabuu makavu ya nzi chuma (black soldier fly) yenye protini ya asilimia 42. Kilo 5.5 zinazozidi mzipunguze kwenye pumba. Mabuu yana mafuta mengi, hivyo ni vyema kuyakamua kwanza, la sivyo tembe hazitashikana.

Mwanakilwa:
Nakubaliana na hesabu hiyo, lakini naona tunasahau vichwa vya kamba, ambavyo wachuuzi wengi huvitupa. Vina lehemu, na harufu yake humvuta kaa, ambaye hutafuta chakula kwa kunusa zaidi kuliko kwa kuona. Visitumike vibichi, kwa maana virusi vya madoa meupe, vilivyoangamiza mashamba ya kamba Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka uliofuata, humwingia kaa pia, naye anaweza kuvibeba bila kuonyesha dalili. Vichemsheni vizuri, mvianike, ndipo mvisage.

Kuhusu konokono wa mikoko, ambao wengine huwapendekeza kwa sababu ni wa bure, mimi siwaungi mkono: kuwakusanya kila siku kwa ajili ya vizimba ni kuumaliza msitu uleule unaowatunza kaa wadogo.

Mfugaji wa Mkinga:
Ahsanteni. Vichwa vya kamba vinapatikana kwetu, japo si kila wiki. Tatizo jingine ni kwamba tembe zetu huyeyuka kabla kaa hajazimaliza.

Mtaalamu wa Malisho:
Hilo ni muhimu kama protini yenyewe. Kaa hamezi tembe nzima, bali huishika kwa gando na kuimega kidogo kidogo, kwa hiyo inapaswa kuzama na kukaa imara majini kwa saa kadhaa. Chakula cha sato kinachoelea hakimfai. Pikeni uji mzito wa wanga wa muhogo, muuchanganye ungali moto, kisha mkaushe tembe kivulini. Zitieni kwanza kwenye ndoo ya maji ya bahari mwone zinadumu kwa muda gani, na vizimba vichache viendelee kupewa chakula cha zamani ili mlinganishe uzito wa kaa kabla ya kuubadilisha mchanganyiko wote.